Shemeji Apewa Matete

Wakati wa Wabelgiji huko Kongo, watu wa meli walikata miti ya ukingo wa mto Lualaba kwa ajili ya kuni, wakafyeka na matete ili wapate kupita, hata pale Nyangwe ikabaki ghuba moja tu yenye matete. Matete yale yalishika udongo usimomonyoke, na samaki walizalia humo. Wavuvi wakapatana kwamba mvua kubwa zikianza, ghuba isiguswe mpaka maji yapungue.

Atumani peke yake hakusikia. Alfajiri alijipenyeza na mtumbwi, akamwaga utupa, ile sumu ya majani inayolewesha samaki, akazoa wakubwa kwa wadogo. Akiulizwa, aliapa kwa uhai wa mama yake, na mama mwenyewe hakupendezwa.

Waridi, mke wa kaka yake, mkaushaji wa samaki, alijua yote, maana paka wa Atumani alinenepa wakati wenzake wakikonda. Lakini alijua pia kwamba kumkemea ni kutwanga maji kinuni. Shemeji alikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda sifa.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Waridi akawaambia wazee kwamba ghuba inahitaji mlinzi. Akasema, "Hakuna mutu anajua ile pahali kama shemeji Atumani." Wavuvi wakaficha vicheko ndani ya mikono ya kanzu, wakakubali. Atumani alifungua kinywa akatae, akasikia akipigiwa vigelegele, akakifunga.

Basi wizi ukamtoka. Alifukuza mitumbwi, akafukuza mbuzi. Kapita, msimamizi wa vibarua wa meli, alipokuja na watu wenye mapanga kukata matete, Atumani aliingia majini mpaka kifuani, akasimama mbele yao. Kapita akamtishia gereza. Hakusogea. Mwishowe watu wa meli wakachoka, wakashuka na mto. Waridi alitazama yote kutoka ukingoni. Mzaha wake ulikuwa umekua, ukamshinda kimo.

Kisha wageni wakamfikia ghafla kutoka Kasongo, naye hana hata mkia wa samaki. Akachukua kikapu, akainama ndani ya matete, akaanza kuzoa samaki.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma yake, "iko kazi gani huku?"

Akajibu kwamba amekuja kuona kama mlinzi yuko macho.

"Iko macho," Atumani akasema.

Akakipokea kikapu kwa adabu, akawarudisha samaki majini mmoja mmoja, kila mmoja akimpa pole kwa usumbufu.

Wageni wakala ugali na sombe tupu, mboga ya majani ya muhogo. Atumani naye alikaribishwa, akaomba aongezewe.