Sakafu ya Samaki wa Nahida

Mouzaoir aliziosha zile kokoto mara saba kwa maji ya birika, na bado alikuwa anazisugua.

"Mawe hayo, au maiti?" mkewe Zalifa aliuliza kutoka jikoni.

"Namtandikia mgeni."

Mgeni mwenyewe alikuwa kwenye ndoo ya plastiki, samaki mwekundu wa dhahabu, mnene, urefu wa kidole cha shahada. Alikuwa wa Nahida, mwalimu kutoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani, aliyepanga chumba chao cha juu, hapo mtaa wa Badjanani mjini Moroni, kwa miaka mitatu. Wiki ile ya Aprili mwaka 1999, vijana wa Moroni walianza kuwasaka watu wa Nzwani mitaani, wakiwaambia warudi kwenye kisiwa chao kilichotaka kujitenga. Tangi la Nahida lilikuwa barazani. Vijana walichota mawe yote yaliyokuwa ndani yake, mawe laini ya mto aliyoyaleta kutoka kwao, wakamvunjia nayo madirisha.

Kesho yake Nahida alishuka ngazi na sanduku moja na ile ndoo. "Bakoko," alisema, kwani alimwita babu ingawa hawakuwa na udugu, "huyu nakuachia amana."

Mouzaoir hakuuliza kitu. Mwaka 1977 yeye na Zalifa walirudishwa kutoka Majunga, Madagaska, Wakomoro walipofukuzwa huko, wakiwa na kichwa cha cherehani na blanketi. Mtu anayefukuzwa hapaswi kuulizwa maswali mlangoni.

Lakini tangi tupu lilimchoma macho. Katika nyumba yake hakuna mgeni aliyewahi kulala sakafuni pasipo mkeka, seuze mgeni wa amana. Na Ngazidja, kisiwa cha Moroni, haina mto; ukitaka mawe, utachagua jeusi la mlima wa moto au jeupe la matumbawe. Alikwenda kwa mwashi mmoja wa kijiji cha Ntsoudjini akarudi na mfuko wa kokoto nyeusi zilizopondwa, ndogo kama mbaazi. Ndogo kwa makusudi, alieleza, ili zisije zikamwangukia samaki na kumvunja mbavu.

"Ungemuuliza mvuvi kwanza," Zalifa alisema.

"Mvuvi anajua kuwaua samaki, bibi. Kuwafuga anajulia wapi?"

Alizitandaza kwa kiganja, akazisawazisha. Wekundu wa samaki juu ya weusi ule uliwaka kama kaa la moto. Majirani walikuja kutazama, na Nahida alipopiga simu dukani kwa jirani, Mouzaoir alimwambia, "Usihangaike, mwanangu. Anakaa kama bwana harusi."

Siku ya tatu asubuhi bwana harusi hakutaka kula. Samaki wa namna ile hutafuta riziki yake chini. Huchota kokoto mdomoni, huzinyonya, huzitema. Mouzaoir alimwona akifanya hivyo tangu siku ya kwanza akacheka, akadhani ni mchezo. Sasa mdomo ulikuwa wazi na haufungiki, na mashavu yakienda mbio.

"Zalifa! Zalifa, njoo!"

Zalifa alikuja na mikono yenye unga. Aliinama, akatazama. "Jiwe limemkwama kooni. Lete kitambaa, kiloweshe."

"Nilete na kibano changu?"

"Kibano cha kushonea umtoboe? Lete kitambaa, mwanamume wewe!"

Zalifa alinawa, akamshika samaki kwenye kitambaa kilicholowa, kichwa kikiangalia chini, akambonyeza taratibu chini ya koo kwa ncha ya kidole. Mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola. Mouzaoir alikuwa anasoma dua bila kutoa sauti. Alikuwa akiiwaza ile sauti ya Nahida kwenye simu, ilivyotulia aliposikia neno bwana harusi. Nahida alikuwa amebakiwa na nini kingine hapa Moroni? Samaki huyu, na neno la mzee mmoja.

Mara ya tatu kokoto ilidondoka sakafuni. Nyeusi, yenye ncha tatu.

Walimrudisha majini. Alilala ubavu, kisha akanyanyuka. Midomo ilikuwa imechanika kwa ndani. Mouzaoir alizichota kokoto zote, kiganja kwa kiganja, mpaka kikabaki kioo kitupu na samaki anaogelea juu ya kivuli chake.

"Utamwambia?" Zalifa aliuliza.

"Amepona. Kuna la kusema?"

Zalifa alirudi kwenye unga wake, na kimya chake kilimtoa Mouzaoir nyumbani. Alivaa kanzu na kofia kama anayekwenda msikitini, akaenda posta, akaomba simu ya Mutsamudu.

"Bakoko? Kuna nini?"

"Nilimwekea mawe mabaya. Moja lilimkwama. Angekufa, na kosa ni langu. Ametolewa, anaogelea, ila mdomo umeumia."

Nahida akauliza, "Mawe gani?"

"Ya mwashi."

"Ya mwashi! Bakoko, ulitaka kumjengea nyumba?" Alianza kucheka, na kicheko kikakatika katikati, akavuta pumzi. "Hukumbuki yangu yalivyokuwa? Laini, makubwa kuliko mdomo wake, hayaingii. Sasa muache hivyo hivyo, kioo kitupu hakimdhuru. Na tazama, mchukueni tu. Awe wenu. Mimi sijui kama nitarudi huko."

"Amana haigeuki zawadi kwa simu, mwanangu."

"Bakoko..."

"Haigeuki."

Waya ulikoroma kidogo. Mtu nyuma ya Mouzaoir alikohoa, akitaka zamu yake.

"Basi nitatafuta mtu anayekuja huko kwa kupitia kisiwa cha Mwali," Nahida alisema. "Nitakutumia mawe ya mto. Mfuko mmoja unatosha."

"Usitume," Mouzaoir alisema. "Njoo nayo."