Upande wa Chini wa Mfarishi

Walimwita Chapuchapu tangu siku za kujifunza ushonaji, na jina hilo hakuliona tusi. Wenzake walipokuwa wanakata gauni la kwanza, yeye alikuwa anapachika vifungo kwenye la pili. Mteja akimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, alijibu bila kuinua macho kwamba baraka zake zinatembea mitaani zimevaliwa, aende akaziulize.

Dada yake mkubwa alikuwa amekaa katika ndoa miaka kumi na moja bila mtoto. Alipojifungua wa kiume, Chapuchapu aliapa kwamba mtoto huyo hatatoka hospitalini amefunikwa shuka la dukani. Angemshonea mfarishi: kitambaa laini juu, kingine chini, pamba katikati, na maua ya uzi mweupe yatakayoshika tabaka zote tatu pamoja. Maua ya namna hiyo hayashonwi kama pindo la suruali. Fundi huteremsha yale meno ya cherehani yanayovuta kitambaa, kisha mikono yake mwenyewe ndiyo inayokisukuma chini ya sindano, mbele na nyuma, kulia na kushoto, kama mtu anayechora kwa kuisogeza karatasi huku kalamu imesimama palepale. Chapuchapu alikuwa amejifunza kwa kutazama tu, na kushona foronya moja. Alikuwa na siku mbili.

Alimaliza kwa siku moja na nusu. Upande wa juu ulipendeza kweli. Alipougeuza, aliona kwamba kila petali ilipopinda, uzi ulikuwa umelegea na kutoa vitanzi vidogo vilivyosimama kama kope za jicho. Alipitisha kiganja, vikamtekenya. Alijua havikutakiwa kuwapo. Akajiambia, upande wa chini nani anautazama? Akaupiga pasi, akaenda zake hospitalini, na dada yake alipouona alilia kwa furaha.

Wiki ya tano, asubuhi moja, Chapuchapu alipita kwa dada yake kumwachia matunda, akamkuta anazunguka sebuleni na mtoto begani. Mtoto alikuwa analia tangu alfajiri. Si kilio cha njaa, maana ziwa alilikataa, wala si cha usingizi. Dada alimbadilisha nepi, akamkanda tumbo, akampa maji ya dawa ya gesi. Mama mkwe wake, aliyekuja kusaidia kulea mjukuu, alimchukua akamwimbia, naye akazidi. Kilio kilikuwa kimekauka, kimebaki kama mlango unaokwaruza sakafu.

Walimlaza juu ya kochi wamvue nguo zote wamwangalie. Chapuchapu ndiye aliyeshika mguu wa kushoto, akauachia kama aliyeshika kaa la moto. Kidole cha pili kilikuwa kimevimba kama harage, kimeiva rangi ya zambarau, na chini yake palikuwa na mkunjo mwembamba kama alama ya wembe.

Dada alimfunga mtoto kwa kanga, akatoka hata viatu hakuvaa.

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Siku hiyo walitumia nne. Nesi alimlaza mtoto chini ya taa, akavaa miwani yenye lenzi nene, akakitazama kile kidole kwa muda mrefu kuliko walivyoweza kuvumilia. Akasema kuna uzi umezama ndani ya nyama. Uzi au unywele, bado hauoni. Aliwataka wamshike mguu usitikisike hata kidogo, kwa sababu mkasi wake ungepita mahali ambapo haoni.

Chapuchapu ndiye aliyeushika. Alihisi moyo wa mtoto unapiga kwenye kifundo cha mguu, harakaharaka. Nesi alijaribu, akatoa mkasi, akapangusa damu, akajaribu tena. Mara ya tatu alisema kwa sauti ileile ya upole kwamba ikishindikana sasa hivi itabidi wakimbizwe hospitali kubwa, na kwamba kidole hakina muda. Bibi wa mtoto alikuwa ameegemea ukuta akisali midomo ikitikisika tu. Mara ya nne kitu kikakatika. Nesi alivuta kwa kibanio, akatoa kipande cha uzi kilicholowa damu, chenye urefu usiofika kidole gumba cha mtu mzima, kisha cha pili.

Wakasubiri. Dakika ya kwanza kidole kilibaki vilevile. Ya pili, vilevile. Ilipokaribia ya tano, rangi ya zambarau ilianza kurudi nyuma kutoka kwenye ncha, pakatokea wekundu, na mtoto akanyamaza kilio, akalala papo hapo kama aliyezimwa.

Nesi alisema kidole kitapona, ila wangechelewa hadi jioni angekuwa anawaeleza mengine. Akauliza uzi ulitoka wapi. Dada alifikiri kidogo, akasema usiku mtoto alivaa soksi. Soksi zilizofumwa kwa mkono. Nesi akaitikia kwa kichwa, akasema ndani ya soksi nyuzi hulegea, ameshaona mara nyingi.

Soksi zile alizifuma bibi, jozi nne, kwa miezi mitatu, kabla mtoto hajazaliwa. Aliitazama mikono yake, akaikunja ndani ya kanga.

Waliporudi nyumbani Chapuchapu alijitolea kutandua kitanda cha mtoto. Mfarishi ulikuwa umelala upande wa chini ukiwa juu, jinsi dada alivyozoea kuutandika, maana kitambaa cha chini ndicho kilichokuwa laini zaidi. Kwenye ua la pembeni, karibu na soksi iliyomvuka mtoto usiku, petali moja ilikuwa imefumuka. Uzi ulikatika hapo. Kipande hakikuwapo, na matundu ya sindano yalibaki wazi yamejipanga. Akaukunja mfarishi, akaupachika kwapani, akamwambia dada yake anakwenda kuufua.

Ukweli ulikuwa ulimini, na njia ya kusema ilikuwa fupi, hatua sita kutoka chumbani hadi sebuleni. Alizipiga hatua hizo, akaaga, akatoka.

Siku zilizofuata alijifungia kwenye kibanda chake cha ushonaji. Aliufumua mfarishi wote, ua kwa ua, akaamua kuushona upya. Akiurudisha umenyooka, alijiambia, hakutakuwa na la kusema. Lakini kila alichoshona kilitoka na vitanzi vilevile. Alikaza uzi wa juu, ukakatika. Alilegeza, kope zikazidi. Alibadilisha sindano, akabadilisha uzi, akaipiga cherehani kofi. Mwishowe akaibeba hadi kwa fundi wa mashine, mzee mmoja mkavu mwenye karakana nyuma ya duka la rangi, akamwambia mashine imeharibika.

Mzee aliifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akashona mstari mmoja wa mizunguko kwenye kitambaa kibovu, akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa safi kama wa juu.

"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu," alisema. "Kaa, nikuone."

Chapuchapu alikaa. Alishona petali tatu. Mzee hakutazama kitambaa, alitazama mabega yake.

"Ukifika kwenye kona unakimbia," alisema. "Mkono unatangulia, mashine inabaki nyuma. Uzi wa juu unaburutwa chini kabla haujafungwa. Unakimbia nini?"

Mzee alimweleza taratibu kwamba kwa mshono wa namna hii urefu wa kila hatua unapimwa na mikono, si na mashine. Mguu ukanyage kwa mwendo mmoja usiobadilika, asikilize sauti ya mashine, na mikono ifuate sauti hiyo. Kwenye mpindo ndipo kila mtu hutaka kuongeza kasi, na ndipo pa kupunguza. Macho yasiitazame sindano, yatazame inakokwenda. Na kila baada ya shibiri moja asimame, sindano ikiwa imezama ndani, ageuze, atazame chini. Asiendelee kabla hajatazama.

Hilo la mwisho ndilo lililomtesa. Siku nane mfululizo alishona vitambaa vibovu, na kila alipogeuza, alikiona kile kidole. Mshono ulitoka mara mfupi kama chawa, mara mrefu kama kucha. Siku ya tano alishona ua zima bila kope, akafikiri ameweza. La pili likamtoa machozi. Aligundua kwamba alikuwa anabana pumzi kwenye kila kona. Akaanza kutoa pumzi anapopinda. Wateja walikuja kuulizia nguo zao, akawaambia warudi wiki ijayo, na hilo halikuwa limewahi kusikika.

Siku ya tisa aliushona mfarishi. Ilimchukua siku sita. Alipoumaliza aliupapasa upande wa chini kwa shavu lake, akapata kitambaa na mishono midogo iliyolala kama mbegu, basi. Hapakuwa na kitu cha kumsaliti. Hata yule nesi angeuona asingesema lolote.

Akaupeleka. Mlangoni alipokewa na shemeji yake, uso umemsawijika. Chapuchapu akamuuliza habari za bibi, maana hakumwona. Shemeji alisema mama yake aliondoka siku ile na hajarudi. Juzi alikwenda kumtazama, akamkuta ameketi katikati ya vibunda vya uzi. Alikuwa amefumua jozi zote nne za soksi, moja baada ya nyingine, anatafuta mahali uzi ulipokatika. Hakupaona. Sasa anasema labda macho yake yamekufa, na sindano zake za kufumia amezigawa.

Chapuchapu alisimama na ule mfarishi mikononi. Dada alitoka chumbani, akauona, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akanyoosha mkono aupokee.

"Uzi haukutoka kwenye soksi," Chapuchapu alisema. "Ulitoka kwenye huu."

Dada hakurudisha mkono, wala hakuupokea.

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Niliona palipokatika. Na vitanzi niliviona kabla sijakuletea hospitalini. Nilijua havifai. Nikaona upande wa chini hauonekani."

Shemeji aligeuka akatazama nje. Chapuchapu alitamani atukanwe, amalizwe. Dada aliinamisha kichwa, na aliposema, alisema polepole, kama anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni.

"Wiki tatu nzima nimemhesabu yule mama kuwa ndiye. Sikumwambia neno baya, lakini nilimwachia aende. Na wewe siku zote hizo ulikuwa unajua."

"Ndiyo, dada."

"Nenda kamwambie. Kwa mdomo wako. Na huo mfarishi uondoke nao."

Alikwenda moja kwa moja. Bibi alimkaribisha, akamwekea kiti, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Chapuchapu alipiga magoti kuomba radhi. Bibi hakumwinua upesi.

"Kwa hiyo si mimi," alisema bibi.

"Si wewe, mama."

"Nilishaanza kuogopa hata kumshika." Alizikunjua kunjua kanga mapajani. "Radhi nimekupa. Lakini usinikalie hapa leo, nataka kulia peke yangu."

Wiki saba zilipita. Bibi alirudi kwa mjukuu wake, na waliomwona siku hiyo wanasema dada alimpigia magoti mlangoni mbele ya majirani. Chapuchapu aliyasikia hayo kwa watu. Yeye hakuitwa. Alituma salamu, zikajibiwa kwa neno moja. Kazini alishona kwa mwendo wake mpya. Wateja wengine walihama, wengine wakaanza kugeuza nguo ndani nje na kuzitazama vizuri zaidi. Mfarishi ulibaki rafuni kwenye mfuko, kisha siku moja akampa mwanamke asiyemjua aliyekuwa ananunua nguo za mtoto duka la jirani, baada ya kumwonyesha pande zote mbili.

Halafu ujumbe ukaja kutoka kwa dada: njoo Jumamosi asubuhi, na cherehani.

Walimwekea meza karibu na dirisha. Kitambaa, pamba na uzi alinunua dada mwenyewe, vya mfarishi mdogo wa maua manne tu. Hakukuwa na maelezo marefu. Dada alisema tu kwamba mtoto anahitaji cha kulalia, na kwamba safari hii mfarishi utashonwa hapa, yeye akiwa ameketi ubavuni.

Chapuchapu aliteremsha meno ya mashine. Alianza. Baada ya shibiri moja akasimama, akageuza, akatazama. Dada naye akainama, akaipitia mishono kimya, mmoja mmoja, huku saa ya ukutani ikisikika. Kisha akasogea nyuma. Chapuchapu akaendelea. Hivyo hivyo asubuhi yote, shibiri kwa shibiri. Mara moja, kwenye mpindo mkali, mashine ilitoa sauti nzito na kitanzi kimoja kikajitokeza. Wote wawili walikiona. Chapuchapu akachukua kifumulio, akafumua hadi mwanzo wa petali, akaanza upya. Bibi alikuwa chumba cha pili na mtoto, na sauti zao zilisikika, za kucheza.

Ilipofika alasiri mfarishi ulikuwa umekwisha. Dada aliubeba hadi kwenye mwanga, akaugeuza, akakaa nao muda. Kisha akaukunja, akauweka kabatini, akafunga mlango wa kabati.

Chapuchapu hakuuliza utatumika lini. Alianza kuzungusha waya wa cherehani aiondoe, na alikuwa ameinama chini ya meza aliposikia dada anamwambia aiache hapo hapo kwanza, chakula kinapoa.