Shavu la Shangazi

Jina lake la kweli mtaani lilishasahaulika. Wote walimwita Pasi. Ukiingia studio kwake na makunyanzi, ulitoka na picha iliyonyooka kama shuka la hoteli, na akina mama wa makamo walimpendea hilo hilo. Chunusi, kovu, mifuko chini ya macho, vyote alivifuta kwenye kompyuta huku akipiga soga. Na tuseme ukweli, kazi aliijua. Aliwaketisha watu ubavuni mwa dirisha badala ya kuwamulika usoni, akawashusha kidevu kidogo, akalenga macho wala si pua. Jumamosi alifundisha wanaoanza, na somo la kwanza lilikuwa lile lile siku zote: picha halisi haiguswi. Toa nakala, hariri nakala, halisi iweke mahali pawili. Alilisema kwa ukali, utadhani yeye hajawahi kukosea.

Basi Jumanne asubuhi, siku ya tatu tangu shangazi yake apotee, mlango ukasukumwa, akaingia dada. Dada kwa maana ya binti wa huyo shangazi. Walilelewa nyumba moja, wakala sahani moja. Mkononi alikuwa na tangazo, mojawapo ya yale mia mbili waliyobandika Jumapili jioni. ANATAFUTWA, iliandikwa juu, na chini yake shangazi akitabasamu.

"Pasi, mtazame huyu," alisema. Hata salamu hakutoa.

"Namwona."

"Mtazame vizuri. Ni nani?"

"Dada, kwani kuna nini?"

Dada akaketi bila kukaribishwa, akamweleza. Alikuwa anatoka stendi ya mabasi. Muuza chai wa pale alimwambia kwamba jana kutwa kulikuwa na bibi kwenye benchi lake, hajui alikotoka wala aendako, miguu imevimba. Muuza chai akampa chai, akainua macho kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, akalinganisha, akaona siye. Bibi huyu alikuwa na kovu kubwa la moto shavuni. Yule wa kwenye picha shavu lake lilikuwa laini kama la bibi harusi. Jioni bibi akaondoka zake, na hakuna aliyemzuia.

"Amekaa chini ya picha yake kutwa nzima," dada alisema. "Namba yangu iko pale pale juu ya kichwa chake. Na siku ya tatu hii hajameza dawa ya presha. Nipe picha ya kweli, Pasi. Ile kabla hujaipiga pasi."

Pasi aliigeukia kompyuta, akafungua folda ya shangazi, akakuta picha moja tu. Akachomeka diski ya pili, akapekua, hola. Hakuwa na haja ya kupekua zaidi, maana alijua alichofanya. Siku aliyompiga shangazi picha alikuwa pia na harusi ya kupiga na kadi ya kamera ilikuwa imejaa. Alipomaliza kuhariri aliihifadhi juu ya ile halisi, kisha akafuta kadi yote. Yeye huyo huyo, mwalimu wa Jumamosi.

Tena isingekuwa kweli kusingizia haraka. Kovu lile alilisababisha yeye. Akiwa na miaka mitano alipanda stuli kutafuta sukari, akavuta birika la maji yanayochemka, na shangazi akajirusha katikati. Maji yalimmwagikia yeye usoni. Hakuwahi kumlaumu, hata kwa utani, na hilo ndilo lililomtafuna Pasi miaka yote. Shangazi alipotimiza sabini, yeye aliyekuwa akizikimbia kamera maisha yake yote, alikubali kuketi kando ya dirisha kwa ajili ya mtoto wa kaka yake tu. Pasi alitaka kumrudishia shavu lake. Na akishamrudishia, hakutaka ile picha nyingine ibaki popote duniani.

"Haipo," alisema.

"Haipo vipi?"

"Nilihifadhi juu yake."

Dada alifumba macho. "Kwenye simu yangu kote amejifunika mtandio. Unamjua alivyo. Hiyo yako ndiyo pekee inayoonyesha uso." Akafumbua macho. "Basi lichore."

Pasi akakuza picha, akachagua brashi, akausogeza mkono hadi shavu la kushoto. Mkono ukasimama hapo. Kushoto, ndiyo. Baada ya hapo hakujua kitu. Miaka thelathini na ushee alikula akitazamana na uso ule, kumbe alikuwa akitazama macho, mikono, ukuta wa nyuma. Yeye anayeona punje ya vumbi kwenye lenzi kutoka upande wa pili wa chumba.

"Sijui lilivyo," alisema kwa aibu.

Hasira ilikuwa bado imemjaa dada, lakini alivuta kiti karibu.

"Linaanzia kwenye mfupa, chini ya jicho. Chini zaidi. Hapo. Halafu linapanuka, linashuka mpaka pembe ya mdomo. Mdomo umevutwa kidogo, ndiyo maana akicheka anacheka upande."

"Rangi?"

"Katikati limepauka, ukingoni jeusi kuliko ngozi. Na limekunjamana. Hapo umelainisha mno. Acha kuremba, Pasi."

Akaacha kuremba. Alichora huku machozi yakimtoka, akirudisha na makunyanzi moja moja, na mvi alizokuwa amezitia weusi. Walipomaliza, wakaisambaza kwenye simu za kila waliyemjua na za kila aliyewajua. Haikupita saa, akapiga simu mlinzi wa soko: bibi huyo yuko hapa langoni, nimemketisha.

Walimkuta juu ya kreti, peku, nyayo zimechubuka. Dada alipiga magoti akamkumbatia miguu, akalia bila kujizuia. Pasi akachuchumaa mbele yake. Shangazi alimtazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Mkononi alikuwa ameshika karatasi, lile tangazo la kwanza, limechanika pembe kwa kubanduliwa ukutani.

"Tangu asubuhi hiyo karatasi haiachi," mlinzi alisema. "Kila anayepita anaonyeshwa."

Shangazi akaikunjua, akaisogeza karibu na uso wa Pasi.

"Baba, hujamwona huyu mama? Kwao wanamtafuta. Wameandika hapa, ana tatizo la kusahau."

"Shangazi, huyo ni wewe."

"Nimezunguka sana, miguu imeniishia. Lakini mtu mgonjwa huwezi kumwacha apotee hivi hivi."

"Shangazi, tazama. Ni wewe. Mimi ndiye niliyekupiga hiyo picha."

Akaitazama tena, bila haraka. Kisha akapeleka vidole kwenye shavu lake la kushoto, akatikisa kichwa.

"Mimi? Hapana, baba," alisema kwa upole. "Mimi nina kovu."

Akaikunja karatasi vizuri, akamwomba mlinzi amshike mkono ainuke, maana bado hajauliza upande wa pili wa soko.