Waya wa Dirishani

"Sasa nataka nilione likichaji," mwalimu alisema. Alikuwa amechuchumaa kando ya tairi la nyuma, tochi ya simu imewaka mchana kweupe, akikagua chini ya gari kama anayesahihisha madaftari. "Maneno nimesikia ya kutosha. Chomeka, nione."

Mwenye gari alitazama saa. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumamosi, na saa yake ya kuchomeka ilikuwa saa sita. Kwa miezi saba hakuwahi kuchomeka kabla ya hapo. Lakini mnunuzi ni mnunuzi, na binti yake, ambaye ndiye aliyemtafuta huyo mwalimu, alikuwa amesimama kwenye ngazi za jengo, mikono kaifunga kifuani, akimtazama baba yake kwa jicho la usiniaibishe.

Pale jengoni walimwita Taratibu. Jina lilitokana na mwendo wake. Tangu alinunue lile gari aliliendesha kama amepakia trei za mayai, kwa sababu mguu mzito humaliza chaji haraka. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa kampuni kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amewaendesha mameneja sita, na wanne kati yao hawakuwahi kulijua jina lake. Alipostaafu, watu walitarajia atanunua kiwanja. Yeye akachukua kiinua mgongo chake chote akanunua gari la mkono wa pili, haibridi, lile linalotumia mafuta na umeme na linalochomekwa ukutani kama friji. Binti yake alinuna wiki mbili.

"Baba, la mafuta matupu, la aina hiyohiyo, lingekuachia theluthi ya pesa zako," alimwambia alipoacha kununa. Alikuwa mfamasia, amezoea kupima. "Ili hili lirudishe hiyo tofauti, itabidi uliendeshe miaka kumi na mmoja. Betri itafika huko?"

"Betri inategemea mtunzaji."

"Na mtunzaji atafika huko?"

Walicheka siku ile, kisha wakaanza upya mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, ndiyo maana maneno hayakuisha. Wiki hii binti alikuwa amepata mnunuzi mwenye bei nzuri, bei ambayo huenda isirudi, na Taratibu hakuwa na jibu la kutamka mbele ya watu. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa dirishani.

Yeye aliishi ghorofa ya tatu, na waya wa kuchajia ulikuwa na urefu wa mita tano. Soketi iliyokuwa karibu na maegesho ilikuwa ndani ya chumba cha mbele cha ghorofa ya chini, alikoishi na kufanyia kazi fundi cherehani, mama mtu mzima aliyeshona sare za shule. Taratibu alimwomba, akakubali. Uniti za umeme akawa ananunua yeye, tena anazidisha makusudi ili asionekane mtu wa kujibana. Tangu hapo ikawa hivi: akishawafikisha kazini wateja wake wa asubuhi, muuguzi na makarani wawili, anarudi, anapitisha waya dirishani, fundi anaupokea kwa ndani na kuuchomeka. Saa sita mpaka saa kumi gari linajaa. Yeye anakaa kwenye benchi chini ya dirisha, cherehani inalia ndani, na wanazungumza.

Walizungumza mambo ya kawaida kabisa. Mbona watoto wa siku hizi wana mabega mapana. Meneja wa tatu aliyekuwa akikoroma hata kwenye matuta. Mume wa fundi, aliyeondoka zamani na ambaye hakuna aliyehangaika kumtafuta. Mke wa Taratibu, aliyefariki miaka sita iliyopita. Katika miaka sita hiyo hakuwa amezungumza na mtu saa nne mfululizo, na sasa alikuwa anazungumza hivyo kila siku. Gari likiondoka, waya hauna kazi, na mtu wa umri wake hawezi kwenda kukaa chini ya dirisha la mwanamke kila mchana bila sababu. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza asubuhi ile, huku akifuta kioo ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

"Ila nikuulize kitu kimoja, na uniambie ukweli," mwalimu alisema akinyanyuka, magoti yakilia. Alifungua daftari dogo. "Linalipa?"

"Inategemea na wewe," Taratibu alijibu. Swali hili alilipenda. "Safari zako ni fupi? Una soketi mahali unapoegesha? Basi linalipa, utasahau kituo cha mafuta kikoje. Huna soketi? Achana nalo. Utakuwa unatembeza betri nzito bure, inakula nafasi ya mizigo, na mafuta unanunua vilevile. Kuna watu wanalo gari kama hili mwaka wa tatu, na waya bado uko kwenye nailoni yake."

"Na wewe limekulipa?"

"Mimi soketi ninayo. Mafuta nanunua mara moja kwa mwezi, wakati mwingine hata mwezi unapita. Umeme wa siku ni nauli ya mtu mmoja tu. Hesabu zote ninazo kichwani, hakuna nilichoacha."

Mwalimu aliandika. Binti alitikisa kichwa kule ngazini, maana baba yake alikuwa anauza gari kwa namna ya mtu asiyetaka kuliuza.

Taratibu alitoa waya kwenye buti, akaenda nao dirishani. "Hodi, fundi."

Aliyechungulia hakuwa fundi. Alikuwa mdogo wake fundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Nyuma yake palikuwa na vikapu viwili vikubwa, vimejazwa sare zilizokunjwa hovyo.

"Dada ameenda kununua vifungo," alisema. "Karibu, shemeji."

Taratibu aligeuka kuangalia shemeji ni nani. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Leo mbona mapema?" mdogo mtu aliendelea, kana kwamba hakuna alichosema. "Haya, lete. Ndiyo kwanza nafunga mzigo, nilijua nina muda mpaka saa sita."

"Mzigo wa wapi?"

"Wa kwangu. Si nakwenda kupiga pasi."

"Kwa nini usipige hapa?"

Mwanamke alimtazama, akaona hatanii. "Shemeji, pasi na hilo gari lako vitakaa vipi kwenye soketi moja? Hukumbuki wiki ile ya kwanza? Swichi iliruka mara tatu."

Alikumbuka. Alikumbuka pia alivyosema siku ile, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba nyaya za jengo zimechoka. Baada ya hapo swichi haikuruka tena. Alidhani mambo yametengemaa yenyewe.

"Zamani mchana ndiyo ilikuwa saa ya pasi," mdogo mtu alieleza, akikandamiza sare kikapuni. "Asubuhi anakata na kushona, mchana anapiga pasi, saa kumi na moja wateja wanakuja wanakuta vitu vimenyooka. Sasa mchana anashona, na mimi nabeba kichwani mitaa miwili, napiga pasi kwangu, narudisha saa kumi na nusu, umeshaondoka. Pasi yenyewe ilishahamia kwangu. Kila siku, jua liwe kali, mvua inyeshe. Nguo ikirowa narudia. Mwezi uliopita mama mmoja alipeleka kazi yake kwa fundi mwingine kwa sababu ya mikunjo." Ghafla akaziba mdomo. "Nilikatazwa kusema. Basi, nimeshasema."

Taratibu alibaki ameshika waya. Alikuwa mtu anayeweza kusikia nati iliyolegea kwenye gari linalotembea, na kwa miezi saba alikuwa amekaa mita moja kutoka kwenye dirisha lile bila kujiuliza kwa nini hasikii pasi ikifoka mvuke, wala hanusi kitambaa cha moto. Alisikia cherehani tu, na moyoni alikuwa amejiambia kwamba fundi anapenda kushona wakati yeye yupo. Aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine, na hicho hakukipa jina.

Fundi alitokea kwenye kona akiwa na mfuko mdogo wa karatasi. Aliuona waya, akauona uso wa Taratibu, halafu akamtazama mdogo wake.

"Umemwambia."

"Limenitoka, dada."

"Miezi saba lisikutoke, likutoke leo." Alipanda kizingiti, akasimama hapohapo mlangoni, hakuingia ndani.

"Fundi," Taratibu alisema, "nimekaa hapo kwenye benchi kila siku nakueleza jinsi gari langu lilivyo rahisi."

"Ulieleza vizuri."

"Sitanii. Umepoteza wateja."

"Mteja mmoja. Alikuwa msumbufu, kila sare anataka ipunguzwe kiuno."

"Ungeniambia tu."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

"Ningechomoa siku hiyohiyo."

"Ndiyo maana sikukwambia," fundi alisema.

Alilisema bila kupandisha sauti, kama anavyotaja kipimo cha mkono. Kisha akafungua mfuko wa karatasi akaanza kuvikagua vifungo kimoja kimoja, vyote vyeupe, vyote vya saizi moja. Mdogo wake aliinamia vikapu akakunja upya nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kule ngazini binti alikuwa amesikia. Mikono yake, iliyokuwa imefungwa kifuani tangu asubuhi, ilishuka taratibu ikaning'inia, na kwa muda hakujua aiweke wapi.

"Vipi, umeme umekatika?" mwalimu aliuliza kutoka kwenye gari.

"Upo," Taratibu alijibu.

"Sasa?"

Aliukunja waya, mzunguko baada ya mzunguko, kwa utulivu ule aliofundishwa na miaka ya kungoja mameneja nje ya mikutano. Akaurudisha kwenye buti. "Mwalimu, nilikwambia hesabu zote ninazo. Nilikudanganya, ingawa sikujua. Kuna gharama moja sikuiweka."

Mwalimu alishika kalamu. "Kiasi gani?"

"Bado sijajua. Nipe nusu saa."

"Baba," binti alisema. Ilikuwa sauti ya kuonya, lakini iliishia njiani.

"Nusu saa, mwanangu. Mpeleke mwalimu juu, mpe hata maji."

Alichukua kikapu cha kwanza kutoka kwa mdogo mtu kabla hajakipandisha kichwani, akakiweka kwenye kiti cha nyuma. Akachukua cha pili. Vilikuwa vizito kuliko alivyofikiri, na alilazimika kupumzika kidogo, mkono kwenye mlango. Mdogo mtu alijisogeza katikati ya vikapu bila kuambiwa mara mbili, akavuta mkanda, akaanza kusifu viti. Ilibaki lundo dogo la mashati sita ambayo fundi hakutaka yabanwe.

"Hayo nitayashika mwenyewe," alisema.

Taratibu alimfungulia mlango wa mbele. Mameneja sita alikuwa amewafungulia mlango wa nyuma, na wa mbele hakuwahi kumfungulia mtu. Fundi aliketi, akayalaza mashati magotini, akayalainisha kwa kiganja. Kwa miezi saba alikuwa amelilisha gari lile, na hakuwahi kukaa ndani yake hata siku moja.

"Mbona linanguruma?" aliuliza walipoanza kuondoka. "Ulisema halina sauti."

"Chaji iliisha jana jioni. Huu ni mtambo wa mafuta."

"Kumbe na lenyewe linapiga kelele."

"Likiwa halijala, linapiga."

Fundi alicheka kidogo, akaangalia nje. Walipita kituo cha afya, wakapita duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa kwanza huo, na Taratibu akaendesha kwa ule mwendo wake ambao jengo zima lilimcheka nao. Gari lililokuwa nyuma lilipiga honi, likawapita. Alikuwa anatafuta neno. Alikuwa na maneno mengi kuhusu betri, breki na matairi, na yote hayakufaa. Walipoufikia mtaa wa pili aliona mkono wa fundi umeacha kulainisha mashati, umetulia juu yake, kiganja kikiangalia juu.

"Fundi," alisema.

"Naam."

Akashika usukani kwa mikono miwili. Fundi hakumwuliza alitaka kusema nini.

"Jamani, kwangu si pale?" mdogo mtu alisema kutoka nyuma, akigeuka kutazama kupitia kioo. "Penye geti la bluu. Tumepapita."

Taratibu hakukanyaga breki. Alitazama dashibodi, kisha barabara, ambayo kutoka pale ilinyooka mbali bila kona. Mshale wa mafuta ulikuwa kwenye nusu. Mdogo mtu alifungua mdomo kusema tena, akamwona dada yake kwenye kioo kidogo cha mbele akitabasamu, akaegemea kiti.