Chachu ya Mama Argia

Nilikuwa nimeshamwaga unga kwenye sahani na kuutilia maji vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, treni ilipoanza kuondoka Bologna. Meza za treni hizi za kawaida ni ndogo, kwa hiyo nilikanda kwa vidole vitatu, taratibu, huku kiwiko kikiizuia sahani isiteleze. Donge lenyewe halikuzidi yai la kuku. Lilikuwa la kijivu, na lilinuka siki kali ya kitu kilichosahauliwa.

Mzee aliyeketi mbele yangu alinitazama mpaka tukapita stesheni ya kwanza. Kisha akauliza kama huo ni mkate au mgonjwa.

"Mgonjwa," nikasema.

"Basi mfunike, mama. Humu ndani kuna baridi." Akavua skafu yake akanisogezea.

Nje hakukuwa na kitu. Siku hizi za mwanzo wa Februari nchi yetu tambarare huzama kwenye ukungu. Miti ya pichi hutokea mmoja mmoja, ikasimama karibu na dirisha, kisha ikarudi nyuma kama mtu aliyefungua mlango akakuta chumba si chake. Nilifunika sahani kwa skafu ya yule mzee. Nikasikia usingizi unanijia, na katika usingizi ule nilikuwa mimi niliyefunikwa, na mtu fulani alikuwa ananisubiri niumuke.

Jina langu Ilda. Nina miaka hamsini na nane, na kabla ya safari hii sikuwa nimewahi kupanda treni peke yangu kwenda mbali kuliko Verona. Mama yangu, Argia, aliendesha duka la mkate Mantova kwa miaka arobaini, na kwa miaka hiyo yote hakununua hamira hata siku moja. Alikuwa na chachu yake ndani ya chupa ya mdomo mpana. Aliilisha unga na maji kila siku, akanifundisha nami kuilisha. Novemba nilipolazwa kwa ajili ya nyonga, nilimwachia kaka yangu Oreste kazi hiyo. Oreste ni mtu msafi. Aliona ukoko umeota juu ya chupa, akaona harufu si nzuri, akataka kunifurahisha. Niliporudi nilikuta chupa imeoshwa inang'aa, imegeuzwa juu ya kitambaa ikauke.

Mama sasa ana miaka tisini na moja na hatoki kitandani. Kila Jumamosi huomba aletewe chupa ainuse. Tangu nilipotoka hospitali nimekuwa nikimwambia imelala kwenye friji, nimeipumzisha kwa sababu ya baridi. Habishi. Hunitazama tu. Niliogopa afe akiwa ananitazama hivyo.

Zamani aligawa vipande vya chachu kwa wasichana waliofanya kazi dukani kisha wakaolewa miji mingine. Niliwakumbuka watatu: Dirce wa Modena, Cesarina wa Bologna, na Nives wa Forlì. Miji yote mitatu iko kwenye njia moja ya treni. Nikafunga mkoba, nikaweka kilo moja ya unga wetu, nikamwambia mama naenda kuwatembelea marafiki.

Modena nilifika tarehe thelathini na moja Januari, nikakuta maduka yote yamefungwa na watu wamejaa mbele ya kanisa kuu. Nilikuwa nimesahau mtakatifu wao. Kila mji wetu una wake, na siku yake hakuna anayefungua duka. Sisi wa Mantova tunamjua wa kwetu, ila wa jirani unamkumbuka ukishaugonga mlango uliofungwa. Ilibidi nilale pale. Kesho yake Dirce alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akaniambia bila kuficha kwamba ile chachu aliitupa mwaka aliozaa mapacha.

Cesarina alisema yake ipo. Alitafuta kwenye friji nyuma ya chupa za vitunguu vya siki, akatoa kibakuli ambacho hakuwa amekifunua tangu kiangazi.

"Hii imekufa, mwanangu," akasema. "Lakini ukitaka kuililia, ichukue."

Nilikata ukoko wote mpaka nikafika kwenye kiini kidogo chenye weupe kiasi. Nikakiosha kwa maji yenye sukari, nikakilisha. Nililala Bologna siku mbili kwenye chumba cha kupanga, nikikilisha kila baada ya saa nne. Hakikuumuka. Wala hakikuoza.

Yule mzee aliniamsha tulipokaribia Forlì. Alikataa kuchukua skafu yake. Alisema mgonjwa anaihitaji zaidi, na kwamba mke wake akiuliza, atasema aliibiwa na mwanamke mzuri.

Nilitoka stesheni saa kumi na moja, giza likianza kuingia. Kila dirisha lilikuwa na mshumaa. Nilitembea katikati ya mtaa kwa muda mrefu, nyumba zenyewe sizioni kwa ukungu, naona mistari ya mianga inaelea, mingine juu, mingine chini. Watu walipita wakiongea kwa sauti ndogo. Sikushangaa, maana ilikuwa mkesha wa Bikira wa Moto, msimamizi wa mji huo, lakini pia sikuwa na hakika kama nimeshuka kwenye treni au bado nimelala.

Duka la Nives nililijua kwa foleni. Kwa sikukuu hiyo mji mzima hula mkate mtamu wenye mbegu zinazonukia kama shamari. Nilimwambia jina langu kutoka mlangoni. Hakunikumbatia.

"Nawa mikono," akasema. "Aproni ipo nyuma ya mlango. Tutaongea wakiisha hawa."

Nikakanda mikate ya Nives kwa zaidi ya saa nzima. Foleni ilipokwisha nilimweleza yote, Oreste, chupa, Jumamosi za mama, nikaomba kipande cha chachu yake. Alifuta meza kwanza, polepole. Akasema ya Argia ilizama mwaka maji yalipoingia mjini na kujaa mpaka kwenye kaunta. Aliyonayo sasa aliianzisha mwenyewe. Angeweza kunipa, na pua yoyote ingedanganyika, isipokuwa moja.

Kisha akasema, "Ilda, mama yako anajua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Oreste alimwambia siku ile ile aliyoiosha chupa, analia kama mtoto. Argia akanipigia simu wakati wa Krismasi. Kasema, katika wote niliowazaa, huyu binti yangu ndiye asiyejua kudanganya. Kila Jumamosi namfungulia mlango aingie aniambie, na kila Jumamosi anapita dirishani."

Niliketi juu ya gunia la unga. Nives aliniacha nikae. Baada ya muda nikainuka, nikampigia mama. Nilimwambia chupa ilioshwa, na kwamba nina kipande cha Cesarina kisichotaka kuamka. Akauliza unga ni wa wapi, maji ya moto kiasi gani, nimekifunga au kiko wazi. Hakuuliza jingine lolote.

"Kifunge," akasema. "Kikaze kama nepi. Chachu iliyolegezwa haioni sababu ya kusukuma. Na usikichungulie chungulie."

Nikakilisha mara ya tatu siku ile. Nives alileta kitambaa kizito cha kitani na kamba, akashika huku mimi nazungusha, tukakaza mpaka kikawa kama ngumi ndogo. Tulikiweka kwenye rafu iliyo juu ya tanuri, pale joto linapobaki mpaka asubuhi. Kama ki hai, kitaisukuma kamba mpaka iingie ndani ya kitambaa. Tuligusa mara moja, wote wawili, ingawa tulikatazwa. Kamba ilikuwa bado imelegea kidogo upande mmoja, na hatukujua kama tuliifunga hivyo.

Nives akapima unga wa kukilisha saa kumi na mbili asubuhi, akaufunika kwa sahani. Mimi nikapima maji.