Stendi Aliyoichagua Kaka

Kaka yangu alichagua stendi ya taa kama mtu anavyochagua viatu vya harusi. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akaitazama ilivyokaa. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona usoni. Ukiikunja inaingia kwenye mkoba. Akaipenda pale pale.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa duka, napigana na nyingine.

Njia ya kuchagua stendi naijua moja tu. Unaivuta mpaka mwisho wa urefu wake, unakaza skrubu zake zote, halafu unaweka kiganja juu kabisa, pale taa itakapokaa. Unakandamiza. Unazungusha. Unaisukuma ubavuni. Ikinesa, ikilia, ikinyanyua mguu, unairudisha ilipotoka na unawaonea huruma watakaoinunua.

"Dada," muuza duka akaniita, "unanunua au mnacheza mieleka?"

"Tunafahamiana kwanza."

Wateja wakacheka. Kaka hakucheka.

Niliyoitaka ilikuwa ya chuma, imechubuka rangi, imeshatumika kwenye studio ya mtu mwingine. Miguu yake ilitanuka kama ya mtu anayesubiri kupigwa kumbo. Nilitundika begi langu la kamera kwenye ncha yake, begi lenye kila nilichonacho duniani, nikalisukuma lining'inie huku na huku. Stendi ikatulia tuli.

"Hiyo?" Kaka akasema. "Hiyo ni ya studio au ya kufungia ng'ombe?"

"Kaka, taa yangu nzito. Nikiivalisha lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, inavuta mbele. Inataka kitu chenye uzito chini."

"Mdogo wangu. Sebule yangu, zawadi yangu. Basi niachie na kuchagua."

Hapo ndipo aliponishika pabaya. Sebule ilikuwa yake kweli. Tangu nitoke chuoni nilikuwa nalala chumba kimoja na Mama nyumbani kwa Kaka, na mchana, yeye akiwa kazini, nilisukuma makochi ukutani, nikatundika shuka jeupe kwenye bomba la pazia, nikawapiga watu picha. Picha za pasi, za wahitimu, za wachumba wasiojua waweke wapi mikono. Neno moja tu kutoka kwake, na studio inakufa siku hiyo hiyo. Nikamshukuru kwa zawadi. Wiki iliyofuata nikarudi dukani peke yangu, nikaichukua ile ya chuma, nikaibeba begani mpaka nyumbani.

Zikawa mbili. Ya Kaka niliipa kazi nyepesi, kushikilia kibao cheupe cha kurudisha mwanga. Taa ilikaa kwenye ya chuma. Kila Kaka alipopita sebuleni aliikata jicho stendi yangu, utadhani ni mwanamume niliyemleta ndani bila kumwambia.

Kisha ikaja habari kwamba mama mkwe wake anakuja kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, na anataka picha naye kabla hajarudi jioni. Nyumba nzima ikakaa roho juu. Mama mkwe huyo hakuwahi kuficha kwamba bintiye alipata bahati mbaya katika mambo ya ndoa. Kaka, kwa upande wake, alikuwa amemweleza kwenye simu kwamba nyumbani kwetu kuna studio ya kisasa, na kwamba vifaa amenunua yeye.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaingia sebuleni nipange taa. Stendi ya chuma haikuwepo.

"Iko kwa fundi," Kaka alisema, akifunga vishikizo vya mikono ya shati. "Nimeipeleka jana ikapigwe rangi. Usinishukuru."

"Kwa fundi? Leo?"

"Ulitaka mama aje akute kutu? Itumie ile niliyokununulia. Wewe mtu gani, unapewa kizuri unakikunjia uso?"

"Kaka, hapo chini anakaa mtoto. Mwanao."

"Ndiyo, mwanangu. Kwa hiyo mimi simpendi? Nimemnunulia kitu cha kumwangukia?"

Nikajaribu kufikiria kutumia mwanga wa dirisha, lakini nje kulikuwa na wingu zito na chumba kilikuwa kama pango. Nikachukua mfuko mtupu wa unga, nikaujaza mchanga uani, nikaufunga mdomo kwa kamba na kuulaza juu ya mguu wa stendi ya Kaka, ule wa nyuma, ulio mbali na kiti. Nikaipandisha taa kwa urefu wa chini kadiri nilivyoweza. Nikakandamiza kwa kiganja. Ikanesa kidogo, mfuko ukaishika. Nikajiambia itatosha kwa picha chache.

Nikaenda chumbani kubadilisha lenzi. Niliporudi, mgeni alikuwa ameshaketi.

Mama Mkwe alikuwa mwembamba, amejifunga mtandio wa rangi ya zambarau, mgongo umenyooka kama anayesubiri kuapishwa. Mtoto alikuwa mapajani mwake, akishangaa ulimwengu kwa mdomo wazi. Wifi, mke wa Kaka, alisimama karibu na mlango akipangusa mikono kwenye nguo yake ingawa mikono ilikuwa mikavu. Mama alikuwa pembeni akitabasamu mpaka mashavu yanamuuma. Feni tulikuwa tumeizima ili shuka lisipeperuke, na joto lilikuwa limekaa nasi humo ndani kama mgeni mwingine.

"Ndiye huyu mpiga picha?" Mama Mkwe aliuliza. "Mbona mdogo?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nipige vizuri. Uso huu nimeutunza."

"Kila kitu hapa ni kipya, mama," Kaka akadakia. "Hiyo stendi ya taa, hiyo hapo juu yako, nimeichagua mwenyewe."

Nikapiga ya kwanza. Nikaitazama kwenye kioo cha kamera. Nzuri. Mtoto ametoa macho, na ndani ya kila jicho kuna kidirisha cheupe cha mwanga, ndiyo taa yangu hiyo ikijitazama humo. Mimi huanza na macho. Kidirisha kile hunieleza taa iko wapi hata nikiwa nimeipa mgongo.

Nikapiga ya pili, ya tatu. Mtoto akacheka. Nikapiga tena, nikatazama.

Kidirisha kilikuwa kimekua.

Nikarudi kwenye ya kwanza, nikaja kwenye ya mwisho. Shavu la mtoto lilikuwa jeupe zaidi. Kivuli cha pua ya Mama Mkwe kilikuwa kimehama. Mipangilio ya kamera sikuigusa. Mimi sikusogea, wala Mama Mkwe, aliyekaa kama sanamu. Kilichobaki kusogea kilikuwa kimoja.

Nikainua macho. Taa ilikuwa imeinama mbele, kidogo tu, kama mtu anayesikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Macho yakanishuka kwenye mguu wa stendi. Mfuko wa mchanga haukuwepo. Mahali pake palikuwa na sakafu iliyopigwa deki, inameta.

"Mama," nikasema taratibu, "mfuko wangu uko wapi?"

"Ule uchafu? Nimeutoa nje. Wakwe waje wakute mchanga sebuleni, waseme tunajenga?" Akacheka kumwelekea mgeni. Mgeni akacheka pia, kwa pua.

Mguu wa stendi ulikuwa umenyanyuka. Pengo lenyewe lingepitisha karatasi, labda na kidole. Mtoto akainua mkono kuelekea mwangani, na Mama Mkwe, ili amfurahishe, akamnyanyua amsogeze karibu zaidi.

"Mama, usi..."

Sikumaliza. Kamera nikaiacha ining'inie shingoni. Taa ilikuwa upande wa pili wa kiti na mtoto alikuwa katikati yetu. Nikamsukuma Mama Mkwe begani kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikampokonya mtoto, nikazunguka naye nikimkinga kwa mgongo, nikajikunja. Nikasubiri.

Nikasikia kiti kikiburuzika sakafuni, mtu akiguta, na mtoto akivuta pumzi ndefu kabla ya kulia. Kisha kilio chenyewe.

Kishindo nilichokisubiri hakikuja.

Nikageuza shingo. Taa ilikuwa imesimama. Imeinama vile vile, mguu mmoja hewani, lakini imesimama. Mama Mkwe alikuwa nusu kitini nusu sakafuni, mtandio umemdondoka, nywele zake za mvi zimesukwa kwa haraka ya mtu ambaye hakutegemea zionekane.

Wifi akaja, akamchukua mwanawe mikononi mwangu na kurudi naye mlangoni, mgongo ukutani.

"Umenisukuma," Mama Mkwe akasema, taratibu kabisa. "Umeninyang'anya mjukuu kama nimemwiba."

"Taa ilikuwa inaanguka, mama."

"Iko wapi hiyo taa iliyoanguka?" Sauti ya Kaka ilitetemeka. "Nionyeshe! Ile pale, imesimama! Umechanganyikiwa? Mama wa watu umemtupa chini mbele yangu, nyumbani kwangu, kwa sababu ya chuki yako na zawadi yangu!"

"Itikise, basi."

"Nini?"

"Stendi yako. Ni imara, siyo? Nenda kaiguse kwa kidole."

Kaka akaitazama. Akasogea hatua moja, mkono mbele, kisha mkono ukakumbuka kazi nyingine na kwenda kurekebisha kola ya shati.

"Sina haja ya kuthibitisha chochote kwa mtoto mdogo."

"Mrudishe mwanao pale chini, basi."

Wifi akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. "Asithubutu mtu," akasema. Ndilo neno pekee alilolisema mchana ule.

Mama Mkwe alikuwa ameshainuka. Alijipangusa magoti, akaitazama taa, akautazama mguu wa stendi, akamgeukia Kaka.

"Baba," akamwita, kwa adabu iliyokata kama wembe, "kaa wewe. Kiti hicho hapo. Kaa nikuone."

"Mama..."

"Si umeichagua mwenyewe? Kaa."

Jasho lilikuwa limemchora Kaka ramani mgongoni. Alikitazama kiti. Akaitazama taa juu yake, lile boksi jeupe lililotuna kama shavu, na chuma chake ndani. Sote tulimsubiri. Mama yangu alianza kusema kitu kuhusu chai, hakuna aliyemsikia.

Kaka hakukaa.

"Mama, suala hapa si kukaa," akasema mwishowe. "Suala ni heshima. Hata kama taa ingeanguka, huyu alikuwa na mdomo. Angesema. Angeishika stendi. Mtu hamsukumi mkwe kama gunia." Akanigeukia, na sasa sauti yake ilikuwa imepata pa kusimama. "Muombe mama radhi."

Nikaenda ukutani, nikachomoa waya. Chumba kikarudi kwenye giza lake la wingu. Nikaizunguka stendi kwa nyuma, nikaishika taa kwa mikono miwili na kuishusha mpaka sakafuni, na ndipo pumzi zangu ziliponirudia.

"Nazungumza na wewe! Omba radhi, sasa hivi. La sivyo kesho naitaka sebule yangu, mashuka yako na mataa yako yote nje."

"Sema tu, mwanangu," Mama akaninong'oneza, amenishika kiwiko. "Neno moja. Linakupunguzia nini? Utakwenda kupigia wapi picha, barabarani?"

Alikuwa anasema kweli. Sikuwa na pa kwenda. Jumamosi walikuwa wanakuja maharusi, mapacha wa jirani walikuwa wameshashonewa nguo za picha, na ukuta ule ndio ukuta pekee uliowahi kunikubali. Wote walinitazama, hata mtoto, aliyekuwa ameacha kulia na sasa anatafuna ncha ya kanga ya mama yake.

Nikaokota mtandio wa zambarau. Nikaukung'uta vumbi, nikaukunja, nikapiga goti na kumpa Mama Mkwe kwa mikono miwili. Akaupokea. Hakusema ahsante, wala hakuniondolea macho.

"Mama," nikamwambia, "kama bega linakuuma nitakukanda. Kama unataka picha nyingine nitakupiga uani, palipo na mwanga wa Mungu, mpaka uridhike. Kaka akitaka sebule yake kesho, nitatandua shuka langu leo. Lakini kwa kumtoa mtoto chini ya ile taa, sikuombi radhi."

"Umesemaje?" Kaka akafoka.

"Umenisikia. Siombi. Wewe sikuombi, mama simwombi, na ningekuwa nimesimama pale tena sasa hivi ningemsukuma tena, kwa nguvu zaidi. Siombi radhi."