Bakuli la Mama Masele

Method Shigela alikuwa na kibanda cha chai karibu na stendi ya Bariadi, na watu wa mji ule walimpenda kwa namna ile watu wanavyompenda mtu wasiyetaka amuoe binti yao. Asubuhi walijazana mbele ya sufuria zake, wakanywa chai ya tangawizi na iliki mpaka jasho likawatoka puani. Wakishafuta midomo, utawasikia: "Lakini huyu mwanaume, kweli kazi yake ni kuchemsha chai tu?" Binadamu tuna vituko. Tunakunywa jasho la mtu, halafu tunamcheka kwa kutoka jasho.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa Mama Masele wa Ngulyati. Ubaya ni kwamba Mama Masele ndiye aliyemzaa Veronica, fundi cherehani ambaye Method alimpenda kiasi cha kutosikia la mwadhini wala la mnadi sala. Shangazi yake Method alipokwenda kupeleka posa, yule mama alimsikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ana ng'ombe?"

"Wapo wachache kwa baba yake," shangazi akajibu.

"Mimi nasikia ng'ombe wake ni chupa za chai. Anazikamua asubuhi na jioni."

Mzee Mayige, mumewe na mwenye mji ule, alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi alisema yeye hana neno na huyo kijana. "Ila mkimshinda mama wa binti, mje mnieleze mlivyofanya. Mimi tangu nimuoe sijaweza."

Mwingine angetafuta mke kwingine. Method hakuwa mwingine. Aliapa kwamba yule mama ataonja kwanza kazi ya mikono yake, hata kijiko kimoja, ndipo amkatae. Na alijua ni sasa au basi, maana katika familia ile mila haikuwa na mzaha: mama mkwe na mkwe wake hawaonani wakila. Siku akikubaliwa, mlango huo umefungwa maisha. Lakini bado hajawa mkwe, ni mtu baki tu, na chakula cha mtu baki huliwa. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yake, na aliyaona hayana kasoro.

Chai yenyewe hakutaka kumpelekea. Angesema, si nilisema, ni chai tu. Alichokifikiria ni kitu alichokiona zamani Mwanza, alipokuwa anaosha vyombo kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa. Mpishi wa pale alikuwa akitengeneza kitamutamu cha Kiitaliano, tiramisu, kisichoona tanuri wala mkaa: biskuti zinachovywa kwenye kahawa kali, zinapangwa bakulini, juu yake yanamwagwa malai mazito, ile krimu ya maziwa, yaliyopigwa na mayai na sukari, kisha biskuti tena, malai tena, na kakao juu kabisa. Halafu kinalazwa kwenye baridi mpaka kishikane. Method alikuwa akilitazama lile bakuli na kujisemea kwamba hawa Waitaliano wanachovya biskuti kama bibi yake tu, ila bibi hakuwahi kusifiwa.

Kahawa aliiweka kando. Simiyu hii, nani alilelewa na kahawa? Alichemsha majani mengi kwenye maji machache, akatia tangawizi iliyopondwa, iliki, mdalasini, karafuu na punje za pilipili manga, akaacha ichemke mpaka ikawa nyeusi na nzito. Hiyo ilimtii siku ya kwanza. Kilichomtoa roho ni malai. Maziwa ya mchuuzi anayepita na baiskeli yalikuwa na maji mengi kuliko lambo la kunyweshea mifugo. Ukiyalaza usiku kucha, asubuhi unakuta utando unaoweza kuupuliza. Alibadilisha muuzaji, akabadilisha tena, mpaka akampata mfugaji mmoja asiye na tamaa. Akaengua malai, akayapasha moto taratibu, akakamulia limau, akayafunga kwenye kitambaa cheupe yachuje maji. Mama mwenye duka la soda alimpa nafasi kwenye friji lake, kwa sharti la kuonja. Akaonja makosa mengi yule mama, wala hakulalamika.

Veronica alipompelekea mama yake habari kwamba Method anataka kuja na chakula, jibu lilirudi kali. "Mimi sili kitu nisichokiona kikitengenezwa. Aje afanyie hapa hapa, jikoni kwangu, wazee wote wamwone."

"Ni mtego," Veronica alimwambia Method. "Anataka uone aibu mbele ya watu uache mwenyewe."

"Jikoni kwake kuna moto?"

"Method!"

"Nauliza tu. Chai naichemshia wapi?"

Jumamosi asubuhi akashuka Ngulyati na pikipiki ya kukodi, boksi la barafu limefungwa nyuma, malai yake ndani, pakiti za biskuti kifuani kama mtoto. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mama Masele alikuwa ameshaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, kanga begani, mikono imekunjwa. Hakupika siku ile. Alikuja kutazama. Method alimsalimia, akaitikiwa kwa heshima na kwa baridi, akaingia kazini. Akachemsha chai, jiko likanukia mpaka kuku wakasogea. Akapiga mayai na sukari kwenye bakuli juu ya mvuke wa sufuria mpaka yakaumuka na kupauka, akayapoza, akayachanganya na malai kwa mwiko, polepole. Mama wa watu hakufumba jicho.

Sasa ikaja zamu ya biskuti, na hapo ndipo penye kazi. Biskuti ya glukosi haina subira. Unaichovya, unaigeuza, unaitoa. Ukichelewa kidogo umepata uji. Method alikuwa ametosa za kwanza kwenye sinia la chai pale alipoingia mzee Anatoli, mdogo wake Mzee Mayige, fimbo mkononi, amekuja kuona maajabu.

"Mwangaluka!"

Method aliitazama biskuti. Akamtazama mzee. Akaacha mikono, akachutama, akapiga makofi ya adabu. "Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu," salama tu, Method akajibu.

"Huko Bariadi mhola? Baba yako mhola? Na mvua huko kwenu? Ng'ombe je?"

Salamu ya Kisukuma haikatwi katikati kama simu iliyoishiwa salio. Method alijibu moja moja: baba, mama, mvua, pamba, ng'ombe wa baba na ndama waliozaliwa. Alipoinuka, sinia lilikuwa matope ya kahawia. Akalimwaga, akaliosha, akafungua pakiti nyingine. Hajachovya sawasawa, akaingia jirani, bibi kizee aliyejikokota na mkongojo wake kutoka ng'ambo ya shamba, na huyo alitaka kujua hata habari za marehemu. Method akachutama tena. Alimjibu bibi mpaka bibi mwenyewe akaridhika. Biskuti zikafa tena mbele ya macho yake.

Veronica, aliyesimama nyuma ya mama yake, alishindwa kuvumilia. "Si ungemwambia asubiri kidogo tu?"

"Bibi hawezi kusubiri biskuti," Method alisema. Sauti ilikuwa tulivu, lakini moyoni alikuwa anawaka. Ilibaki pakiti moja, na nje alisikia fimbo nyingine inagonga ardhi. Habari ilikuwa imeenea kwamba kwa Mayige kuna mwanaume anapika.

Hakukata tamaa, alibadilisha mbinu. Kama biskuti haziwezi kwenda kwenye chai kwa sababu ya wazee, basi chai itaenda kwenye biskuti. Alizipanga kavu bakulini, safi, bega kwa bega. Akachukua kijiko, akawa anaidondoshea kila moja chai kidogo kidogo. Mzee akiingia, kijiko kinalala, Method anachutama, salamu zinakwenda mpaka mwisho wake, na biskuti zinamngoja zikiwa salama. Akainuka, akaendelea. Akamwaga malai, akapanga tena, akadondosha tena. Mwisho akachekecha kakao iliyochanganywa na mdalasini, akafunika, akalizika bakuli katikati ya barafu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Mama Masele aliinuka kwenye kigoda, akaenda zake.

Jua lilipopinda, watu walikaa uani kwenye mikeka na viti, shangazi yake Method naye ameshafika. Method aligawa mwenyewe. Mzee Mayige alipeleka kijiko mdomoni kwa mashaka, akapeleka cha pili bila mashaka. Mzee Anatoli alisema hana meno ya vitu vya kigeni, kisha akagundua kitu chenyewe hakihitaji meno, akasogeza bakuli lake apewe tena. Bibi jirani alicheka peke yake kama msichana. Tangawizi iliwapanda puani, malai yakawashusha.

Mama Masele alikuwa ameketi pembeni kwenye ukuta. Bakuli lake lilikuwa mapajani, kijiko kimesimama ndani. Hakula. Method alisubiri mpaka wengine wakamaliza, wakakwangua, wakalamba. Yule mama akainuka, akaliweka bakuli chini pale pale, akajivutia kanga usoni, akampa mgongo, akaingia ndani.

Wiki zote zile, maziwa yote yale, kuchutama kote kule, na mama hakugusa hata kijiko. Aliumia kama mtoto aliyepigwa bila kosa. Lakini hakuwa amekuja Ngulyati kuumia. Akasogea mpaka karibu na mlango.

"Mama, nakuomba. Onja kijiko kimoja tu. Ukisema kibaya, mimi naondoka leo na sirudi."

"Veronica!" sauti ikatoka gizani. "Mwambie huyo mtu aondoke mlangoni kwangu, na bakuli lake aondoke nalo."

Veronica alikuwa ameanza kulia. "Mama, kwa nini lakini? Kakukosea nini?"

"Nimeketi pale asubuhi nzima, nimemwona. Vitu vyake vinaharibika mbele ya macho yake na bado anamjibu bibi mpaka habari za marehemu. Huyo kazaliwa na watu. Sasa mnataka nifanye nini? Tangu lini mama akala mbele ya mkwe wake, tena chakula alichokipika mkwe mwenyewe? Mnataka ng'ombe wa Mayige wanicheke?"

Shangazi yake Method ndiye aliyeelewa wa kwanza. Vigelegele vyake viliwatawanya kuku mpaka kwenye mihogo. Veronica akaketi chini, analia na kucheka. Mzee Anatoli akaanza kuuliza, kwa hiyo ni ng'ombe wangapi, wakamnyamazisha.

Method alisimama na furaha yake. Na ndani ya furaha ile kulikuwa na mwiba, wala hatuna haja ya kuuficha: alikuwa ameshinda, na yule mama mmoja aliyemtengenezea hataonja mbele yake maisha yote. Method hatauona uso wake tangawizi ikimpanda. Mahesabu yake yote yalikuwa sahihi, ila alisahau kwamba na mama naye anahesabu. Alitamani aseme tena, kijiko kimoja tu, mayu, mama yangu. Akameza maneno. Aliinamisha macho asiutazame mlango, akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume kama inavyompasa mkwe.

Kula pale uani hakuweza tena. Alitoka nje, akapita uzio wa minyaa mpaka mahali ambapo mtu aliye ndani ya nyumba hawezi kumwona. Ndipo akakumbuka kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Akachutama nyuma ya minyaa, akala fungu la mama mkwe wake peke yake, machozi yakimtiririka, mpaka akakwangua bakuli.